Chinchila, mnyama mdogo wa milima ya shaba

Sisi watu wa mgodi tunalijua jina la Chile tangu zamani. Wazee wetu walikuwa wakilisikia kila mara bei ya shaba ilipotajwa: Chile wametoa tani ngapi, Chile wamegoma, bei imepanda, bei imeanguka. Hata leo Chile ni nchi ya kwanza duniani kwa kutoa shaba, na Kongo yetu inafuata ya pili. Lakini ni wachache kati yetu wanaojua ya kwamba kwenye milima ile ile ya shaba kulitoka pia mnyama mmoja mdogo, ambaye leo analala katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani kama vile paka, na watoto wanamjua kwa jina. Mnyama huyu anaitwa chinchila.

Ninaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, mtu aliyemtoa milimani alikuwa mtu wa mgodi. Pili, chinchila ni ndugu wa mbali wa kobayi, ile ile tunayofuga jikoni na wengine wanaiita simbilisi. Wote wawili asili yao ni Amerika ya Kusini. Na yale ambayo wafugaji wa chinchila wamejifunza kwa taabu juu ya uzito wa watoto na uzazi wa mama, sisi wenye kobayi tunayahitaji sana.

Manyoya yaliyomletea shida

Chinchila si mkubwa. Jike mzima ana gramu 500 au 600 hivi, dume ni mdogo kidogo. Masikio ni ya duara, mkia una manyoya kama wa kindi, rangi yake ni ya majivu. Usiku anaruka juu ya mawe, mchana anajificha kwenye nyufa. Huko juu kuna baridi kali, basi Muumba alimvika vizuri: katika kitundu kimoja cha ngozi ambamo sisi tunaota unywele mmoja, yeye anaota nywele 50 na zaidi. Hakuna mnyama wa nchi kavu anayemshinda kwa manyoya mazito namna hiyo.

Hayo manyoya njo yalitaka kummaliza. Mabibi matajiri wa Ulaya na Marekani waliyapenda, na koti moja tu lilihitaji ngozi zaidi ya 100. Kuanzia karne ya 19 wawindaji walipanda milima na mitego, na mbwa, hata na moto. Ngozi ziliuzwa kwa mamilioni. Mwaka 1910 serikali za Chile, Argentina, Bolivia na Peru zilifanya mapatano ya kuzuia uwindaji, lakini mapatano ya karatasi hayakamati mwindaji mlimani. Chile ilitoa sheria yenye nguvu mwaka 1929 tu, na wakati ule mahali pengi hapakuwa tena na wa kukamatwa.

Injenieri na wanyama 11

Sasa tuje kwa mtu wa mgodi. Alikuwa Mmarekani, jina lake Mathias Chapman, injenieri wa kampuni ya shaba ya Anaconda, huko kaskazini mwa Chile. Inasimuliwa ya kwamba siku moja, karibu mwaka 1918, mwenyeji wa pale alikuja kambini na chinchila mmoja ndani ya kopo, akitaka kumwuza. Chapman akamnunua. Akamtazama, akampenda, akaanza kufikiri: je, huyu hawezi kufugwa?

Alikodi watu 23 wa kutega bila kuua. Walizunguka milima kwa miaka 3 hivi, na wanyama wazuri waliopatikana hawakupita 12. Tuelewe vizuri: watu 23, miaka 3, wanyama 12! Kutokana na hesabu hiyo mtu anaona jinsi milima ilivyokuwa imebaki mitupu.

Jambo ninalolipenda mimi katika habari hii ni namna alivyowashusha. Angaliwatia katika sanduku na kukimbia nao mpaka bandarini, wangalikufa wote kwa joto. Hakufanya hivyo. Aliwashusha polepole, hatua kwa hatua, kwa muda wa mwaka mzima hivi, ili damu yao na manyoya yao yazoee hewa ya chini. Na juu ya meli, kwa sababu walipaswa kuvuka sehemu za joto, aliwawekea barafu karibu na vizimba. Mwaka 1923 alifika California na wanyama 11.

Mtu anaweza kuuliza, je, huyu Bwana alifanya kazi ya rehema? Hapana. Alitaka ngozi, kama wale wengine. Tofauti ni kwamba alitaka kuzifuga badala ya kuzimaliza. Ni baadaye tu watu walianza kumweka chinchila nyumbani kwa kumpenda. Mambo yamegeuka sana: hiyo California ya Chapman imetoa sheria mwaka 2019 ya kukataza kuuza nguo mpya za manyoya, na sheria hiyo ilianza kazi mwaka 2023.

Sasa shikeni hesabu hii: chinchila wengi sana wanaofugwa Marekani leo wanahesabiwa kuwa uzao wa wale 11. Na kati ya wale 11, majike walikuwa wachache. Ukoo mzima ulitoka mlango mmoja mwembamba. Njo maana mfugaji wa chinchila hawezi kukutanisha dume na jike ovyo tu, eti kwa sababu wako pamoja.

Ubaya unaojificha katika damu

Wafugaji waliona mapema mambo mawili. La kwanza ni la meno. Meno ya chinchila yanakua siku zote za maisha yake, ya mbele na ya nyuma, na yanasuguana kwa kutafuna majani makavu. Kuna wengine ambao meno yao hayakutani vizuri. Yanarefuka, yanachoma ulimi na shavu, mizizi inasukuma mpaka karibu na jicho. Mnyama anatokwa na mate, anakonda, anakufa na njaa mbele ya chakula. Mara nyingine ni kosa la chakula, lakini mara nyingine ni urithi, na unaweza kuonekana kwa kuchelewa, wakati mnyama amekwisha kuzaa mara kadhaa. Mfugaji mwaminifu akiona meno hayo kwa mmoja, anaacha kumzalisha, na watoto wake pia hawazalishi. Ni hasara ya pesa. Asiye mwaminifu anauza haraka kabla mnunuzi hajajua.

La pili ni la rangi. Kutoka ile rangi ya majivu wafugaji wamepata weupe, weusi, na rangi nyingine nyingi, na rangi isiyo ya kawaida inauzwa bei kubwa. Kumbe weupe ule una jambo ndani yake. Ukikutanisha dume mweupe na jike mweupe, wale watoto wanaopokea weupe pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, hawaishi. Wanakufa wangali wadogo sana tumboni. Mfugaji haoni maiti, anaona tu watoto wamekuwa wachache. Ni vilevile kwa aina moja ya weusi inayong'aa kama mahameli. Kwa hiyo mweupe anakutanishwa na wa majivu, basi.

Mizani na daftari

Chinchila anabeba mimba siku 111 hivi. Fikirini: sungura anabeba siku 31 tu, na huyu mdogo anabeba karibu miezi minne! Lakini anayezaliwa si kama mtoto wa sungura, kipofu na uchi. Anazaliwa na manyoya yake, macho wazi, meno yamekwisha kutoka, na saa chache baadaye anatembea. Mara nyingi wanazaliwa wawili, pengine mmoja au watatu. Kila mmoja ana gramu 40 mpaka 60, yaani kama yai moja la kuku.

Hapa njo kazi ya mizani inaanza, au balanse kama tunavyosema. Wafugaji wa kweli wana mizani ya kupima gramu na daftari. Kila siku, saa ile ile, mtoto anawekwa katika bakuli, anapimwa, inaandikwa. Siku ya kwanza asipoongeza kitu, hapana shida. Kutoka siku ya pili au ya tatu inapaswa kupanda: gramu 1, gramu 2 kwa siku, baadaye zaidi kidogo. Kwa macho hutaona kitu. Mtoto mwenye manyoya mengi anaonekana mnene hata kama ndani ni mifupa tu. Ni mizani itakayokuambia.

Akikaa siku mbili bila kuongeza, au akipungua, mfugaji hangoji juma liishe. Anatafuta sababu. Pengine mama hana maziwa. Pengine watoto wanapigania titi, wanaumana usoni, na yule mdogo anafukuzwa kila mara. Wakiwa watatu, wengine wanawagawa kwa zamu: mmoja anatolewa kwa muda ili wawili wanyonye, kisha anabadilishwa. Maziwa yasipotosha, mtu anapaswa kumnywesha mtoto kwa kitone, kidogo kidogo, kila saa mbili au tatu, hata usiku. Wamama wanaosoma hapa wanaelewa ninachosema, maana kadi ya kupima uzito wa watoto kwenye santé ni akili ile ile.

Kufikia majuma 8 mtoto wa chinchila ana gramu 200 au zaidi kidogo, na wakati huo anaachishwa. Baada ya hapo mwendo unapungua. Anaendelea kukua mpaka mwaka, wengine hata kupita mwaka. Wote hawafanani: wazazi wadogo watazaa watoto wadogo, na hilo si ugonjwa. Kinachotafutwa ni mstari unaopanda bila kuvunjika. Mtoto wa gramu 40 anayepanda kila siku ana afya kuliko wa gramu 60 anayesimama.

Kuko wafugaji wanaotaka uzito kwa nguvu. Wanampa zabibu kavu, mbegu zenye mafuta, vitu vitamu, ili aonekane mkubwa mbele ya mnunuzi. Huo si ukuaji. Tumbo la chinchila limeumbwa kwa majani makavu ya mlimani. Utamu unaharibu tumbo na mafuta yanamziba jike asizae vizuri.

Mama apumzike

Jike anaweza kushika mimba angali mdogo, hata kabla ya kumaliza miezi sita. Kuweza si kufaa. Mwili wake bado unajijenga, na mimba ya karibu miezi minne itachukua kila kitu. Wafugaji wenye busara wanangoja awe na miezi 9 mpaka 12, na gramu 500 au zaidi. Watoto wa kiume nao wanatengwa na mama na dada zao wanapoachishwa, kabla hawajawa madume.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mara tu baada ya kuzaa, siku ile ile, jike yuko tayari kupokea dume tena. Dume akiwa ndani ya kizimba, mama atanyonyesha hawa huku amebeba wale. Akifanyiwa hivyo mara mbili, mara tatu mfululizo, anakwisha. Watoto wa mwisho wanazaliwa wepesi, maziwa ni haba, mama anakufa mapema. Basi dume anatolewa kabla ya siku za kuzaa, na jike anapewa miezi ya kurudisha nguvu. Mfugaji anayehesabu vichwa tu atasema ni kupoteza wakati.

Halafu kuna swali la nani atawachukua. Chinchila akitunzwa vizuri anaishi miaka 10, 15, hata 20. Mtoto anayenunuliwa na mwanafunzi wa masomo ya sekondari atakuwapo hata siku ya arusi ya mwanafunzi huyo. Huko Marekani na Ulaya kuna nyumba za kupokea chinchila walioachwa na wenyewe, na hazikosi kazi.

Na wale waliobaki milimani?

Wako, lakini wachache. Kuna aina mbili, wa mkia mrefu na wa mkia mfupi, na zote mbili zinahesabiwa kuwa hatarini. Karibu na mji wa Illapel, Chile ilitenga hifadhi kwa ajili yao mwaka 1983.

Hata leo habari zao na za mgodi hazijaachana. Pale Salares Norte, kaskazini mwa Chile, kampuni ilipata dhahabu mahali ambapo chinchila wa mkia mfupi wanaishi katika mawe. Mpango ulikuwa kuwakamata na kuwahamisha. Mwaka 2020 walianza. Kati ya wanne wa kwanza, wawili walikufa. Serikali ikasimamisha kazi ya kuhamisha. Sisi tunaoishi kando ya mashimo makubwa tunajua kuhamishwa ni neno la namna gani, na kwa mnyama ambaye Chapman alimshusha kwa mwaka mzima, sikushangaa.

Sisi tuna kobayi

Kijana asije akaniuliza namna ya kuagiza chinchila. Joto likipita digrii 25 anaanza kuteseka, na anaweza kufa kwa saa chache, maana hatoi jasho na hawezi kuvua lile koti. Lubumbashi au Kolwezi mwezi wa kumi kingekuwa kifo chake. Kumleta hapa bila nyumba ya baridi ni kumwua.

Lakini kobayi iko katika parseli nyingi, inaleta mboga mezani na pesa kidogo ya karo ya masomo, na mara nyingi tunaifuga bila hesabu. Zote zimo chini jikoni, katika moshi, baba, mama, watoto, wajukuu. Kila mmoja anakutana na kila mmoja. Miaka inapita, na mwenye nyumba anasema: zamani kobayi zangu zilikuwa kubwa, siku hizi ni kama panya, labda ni uchawi. Hapana uchawi. Ni damu moja inayozunguka, na majike wanaobeba mimba wangali watoto.

Hesabu za kobayi si zile za chinchila. Mimba ni siku 68 hivi. Wanazaliwa wawili mpaka wanne, na kila mmoja ana gramu 60 mpaka 100. Nao wanazaliwa na manyoya na macho wazi. Wanaachishwa kwa majuma 3, na siku hiyo hiyo madume wadogo watengwe, kwa sababu jike wa kobayi anaweza kushika mimba akiwa na mwezi 1 tu! Mwache afike miezi 3, na gramu 400 hivi. Lakini hapa usingoje mno kama kwa chinchila. Jike wa kobayi asipozaa kwanza kabla ya miezi 6 au 7, mifupa ya nyonga yake inashikana, haifunguki tena vizuri, na uzazi wa kwanza unaweza kumwua pamoja na watoto. Yule mnono uliyemweka bure mwaka mzima, usimpe dume. Huyo ni wa sufuria.

Naye pia, sawa na chinchila, anapokea dume saa chache baada ya kuzaa. Na zaidi ya hayo, kobayi, kama sisi wanadamu, hawezi kujitengenezea vitamini C mwilini. Anahitaji majani mabichi kila siku. Ukimpa pumba na maganda makavu tu, majuma machache yanatosha: anavimba viungo, anaacha kula, ukuaji unasimama. Majani yaliyolowa umande au mvua yaanikwe kidogo kwanza yasimvimbishe tumbo.

Na tumchague nani wa kuzaa? Hapa tunakosea karibu sote. Mgeni akifika, tunakamata ile kubwa kuliko zote, tunachinja. Sokoni vilevile, kubwa inauzwa kwanza. Inayobaki kuzaa ni ile dhaifu ambayo hakuna aliyeitaka. Huko Peru, kwenye asili ya kobayi, wataalamu walifanya kinyume kuanzia miaka ya 1970: walipima, wakaweka zile zilizokua upesi ziwe wazazi, wakala zile nyingine. Leo wana kobayi zinazofikia karibu kilo 1 kwa miezi 2. Hatuna haja ya kuziagiza kwa ndege. Dume mzuri kutoka kwa jirani wa kartie nyingine, asiye wa damu ya majike yako, umbadilishe na wako mmoja. Na dume mmoja anatosha majike watano au zaidi.

Kuhusu mizani, usiniambie hakuna. Katika miji yetu mtu anaweza kukosa daraja na kukosa maji, lakini kwa wanunuzi wa madini mizani ya gramu haikosi. Umwombe mmoja unayemjua, siku ya posho jioni wakati hana wateja. Weka kobayi katika kindoo cha plastiki, pima, ondoa uzito wa kindoo, andika: siku gani, jike au dume, mama yake nani, gramu ngapi. Pima siku ya kuzaliwa, siku ya kuachishwa, na tena akifika miezi 3, kabla ya kumkutanisha na dume.